Alhamisi Niliyoitunga

Kuna siku moja katika maisha yangu ambayo niliitunga mwenyewe. Sio hadithi wala shairi. Niliitunga kwa tarakimu, kwa kalamu ya bluu, kwenye fomu iliyobandikwa juu ya ubao wa plastiki, na nikalipwa kwa kazi hiyo.

Ilikuwa masika, miaka ile mtihani wa kidato cha sita ulipokuwa bado unafanyika Februari, na sisi tuliomaliza tulikaa nyumbani miezi tukisubiri matokeo na kuwachosha wazazi. Kwetu ni Njoro, Moshi mjini. Jirani mmoja akaja na habari kwamba kuna watu wanatafuta vijana wenye mwandiko mzuri wa kuhesabu magari kwenye barabara kuu, ile inayotoka Arusha kwenda Himo. Siku saba, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, malipo mwisho wa wiki. Tulipangwa wawili wawili. Kila gari likipita unachora kijiti, vijiti vinne vikitimia cha tano unakikatisha katikati, kila robo saa unajumlisha. Fomu ilikuwa na safu za magari madogo, pikapu, vifodi, mabasi, malori, pikipiki na baiskeli. Basi.

Tulikaa karibu na mama mmoja aliyeuza chai na mihogo. Siku ya kwanza alitutazama tu. Siku ya pili akauliza, "Wanangu, hivi na sisi mnatuhesabu?"

"Nyie nani, mama?"

"Sisi tunaovuka."

Tukamwambia hapana, tunahesabu magari. Akacheka, akaendelea kukaanga. Nakumbuka kuwa mimi pia nilicheka.

Jumatano ilikwenda vizuri. Alhamisi mvua ikaanza alfajiri, ile mvua ya Kilimanjaro isiyopiga kelele lakini haikomi. Hatukuwa na mwavuli wala koti la mvua, na aliyetuajiri hakutupa. Tukajibanza chini ya turubai la mama chai, na kutoka pale barabara ilionekana nusu tu. Kufika saa tatu fomu zilikuwa zimelowa na sisi tumekata tamaa. Mwenzangu akatoa fomu za Jumatano. Hakusema kitu, na mimi sikuhitaji kuambiwa. Tukaandika Alhamisi kwa kuitazama Jumatano: hapa tukiongeza wawili, pale tukipunguza watatu, malori tukayaacha yalivyo. Msimamizi alipokuja kukusanya, akatusifu. Fomu zetu, alisema, ndizo zilizokuwa safi kuliko zote.

Mtaniuliza, nyie wapenzi wa riwaya na mashairi, haya yanatuhusu nini. Nivumilieni. Kwa miaka mingi nilikuwa nasimulia kisa hiki kama kichekesho. Kilianza kunikera nilipohamia Dar es Salaam na kuanza kukaa kwenye foleni.

Moshi niliyokulia mimi ilikuwa mji wa vipilefti. Kipilefti cha Mnara wa Saa, kipilefti cha YMCA. Unatazama kulia, unaingia ukipata nafasi, na aliyetangulia ametangulia. Dar ndiko nilikojifunza mataa. Huko mataa yamegeuka kuwa jina la mahali: mpaka leo utamsikia konda akiita "Ubungo mataa!" ingawa pale pamejengwa barabara za juu, zile zilizofunguliwa mwaka 2021. Ukikaa dakika kumi na tano mbele ya taa nyekundu, kwenye daladala iliyojaa, bila shaka utaanza kufikiri mambo ambayo hukutaka kuyafikiri. Mimi nilianza kujiuliza: hivi nani aliamua kwamba upande ule wapewe sekunde sitini na sisi ishirini? Alijuaje?

Nikasoma. Kumbe jibu si siri. Mwaka 1958 Mwingereza mmoja, F. V. Webster, aliyefanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa barabara ya nchi yake, alichapisha kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Kwa maneno ya kawaida inasema hivi: kila taa inapobadilika kuna sekunde zinapotea, za wale wanaosimama na wale ambao bado hawajaondoa. Ukibadilisha taa harakaharaka, sekunde hizo zinakula muda wote. Ukikawia mno, kila mtu anasota kwenye nyekundu. Katikati kuna mzunguko unaofaa, na ndani ya mzunguko huo kila upande hupewa kijani kulingana na wingi wa magari yake. Mwenye wengi apewe zaidi.

Sasa wingi huo unajulikanaje? Kwa kuhesabu. Na zamani, na mahali pengi mpaka leo, anayehesabu ni kijana mwenye ubao wa plastiki.

Hapo ndipo kicheko kilipokauka. Simaanishi kwamba fomu zangu zilipanga taa. Barabara ile haikuwa na taa, na sijui karatasi zile zilikwenda kufanya kazi gani. Pengine upana wa lami, pengine unene wake, pengine zimelala kwenye kabati. Kinachonisumbua ni kwamba popote zilipo, hazionekani kuwa za uongo. Alhamisi yangu inakaa pale kati ya Jumatano na Ijumaa, imenyooka, haina doa. Siku pekee ya mvua katika wiki nzima imeandikwa kama siku ya jua. Anayeisoma leo ataamini kwamba mvua ikinyesha Moshi hakuna kinachobadilika: bodaboda ni zile zile, vifodi ni vile vile, wala hakuna mtu aliyeahirisha safari.

Kuna wanaosema dawa ni kumwondoa kijana na kuweka mashine. Nchi zenye uwezo zilishafanya hivyo. Wanakata lami, wanazungusha waya, wanauzika, na chuma kikipita juu yake umeme ndani ya waya unabadilika kidogo. Kisanduku cha taa kinajua kuna gari. Mafundi wanakiita kihisi hicho sensa, na kila nikilisikia neno hilo kichwa changu kinakimbilia makarani wa kuhesabu watu. Waya hauhesabu watu. Unasikia chuma. Baiskeli yenyewe ni bahati, na mtu wa miguu anaweza kusimama juu yake siku nzima asisikike.

Lakini kilichonivutia zaidi si waya, ni kinachotokea baada yake. Kwa miaka mingi habari za vihisi hivyo zilitumika na kutupwa papo hapo. Gari limefika, taa imeongezwa sekunde tatu, imekwisha, kisanduku kimesahau. Halafu mpango wa taa uliopangwa kwa mji wa mwaka fulani unaendelea kutumika wakati mji umeshakuwa mwingine: shule mpya imefunguliwa, soko limehamishwa, stendi imepelekwa nje. Taa hazijaharibika. Zinawaka vizuri tu, kwa ajili ya mji ambao haupo tena. Ndiyo maana watu kama wale wa Chuo Kikuu cha Purdue na idara ya barabara ya jimbo la Indiana kule Marekani, na baadaye jimbo la Utah, walianza kutunza kila tukio, hadi sehemu ya kumi ya sekunde: gari limefika saa ngapi, limekuta rangi gani, limesubiri kiasi gani. Ukiwa na kumbukumbu ya namna hiyo huhitaji kungoja wananchi walalamike. Unafungua, unaona kwamba tangu mwezi wa tatu magari mengi yanafika kwenye njiapanda ile wakati wa nyekundu, unasogeza sekunde tano, kesho yake unafungua tena kuona kama umepatia.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Kumbukumbu humfichua shahidi wa uongo. Kihisi kikiharibika hakisemi "nimeharibika." Kinaendelea kutoa ushahidi. Kingine kinanyamaza kabisa, na taa inaamini barabara ile ni tupu. Kingine kinang'ang'ania kwamba kuna gari linasubiri saa zote, hata saa nane za usiku, na taa inatoa kijani kirefu kwa hewa. Ukikitazama kwa dakika moja huwezi kujua. Ukikitazama kwa mwezi mzima unajua, maana hakuna barabara duniani yenye gari moja lisiloondoka. Mtu angeziweka Alhamisi yangu na Jumatano yangu pamoja, pembeni akaweka wiki nyingine kumi, angesema: hapana, hawa watoto walikuwa chini ya turubai.

Sisi hatukuwekwa pembeni mwa chochote. Tulihesabiwa mara moja tu.

Sisi watu wa Kilimanjaro tulitakiwa kulijua hili bila waya wala Webster. Babu zetu waligawana maji ya mifongo kwa zamu, na zamu ni taa: wewe asubuhi, yule mchana, usiku maji yanajaa kwenye nduwa ili asubuhi yatoke kwa nguvu. Kila mfongo ulikuwa na mkuu wake, meni mfongo, na kazi yake haikuwa kufungua na kufunga tu. Alikumbuka nani alichukua lini, nani hakuja siku ya kusafisha mfereji, nani ameoa mke wa pili na sasa ana shamba la ziada. Mpango wa maji ulikuwa kichwani mwa watu walioishi na matokeo yake. Sitaki kuupamba: wakubwa walijipendelea, na wanawake walisikilizwa kidogo. Ila aliyedanganya kuhusu zamu yake alidanganya mbele ya watu ambao kesho wangemwona shambani.

Halafu kuna kisa cha maji yetu yenyewe ya Njoro. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani. Unapata maji kutoka mito miwili, Rau na Njoro. Ulipangwa kwa hekta kama 2,300, na karibu 1,100 kati ya hizo ziliandaliwa kwa mpunga. Wataalamu walipima maji, wakapiga hesabu, wakachora ratiba ya zamu, na mpunga ukatoa mavuno ambayo watu hawakuyazoea. Kilichofuata ni cha kibinadamu kabisa. Waliokuwa juu ya banio, nje ya mradi, waliona mchele wa jirani zao wakasema na sisi tunataka. Wakafungua vijaruba vyao, wakayachukua maji kabla hayajashuka, na eneo la mpunga ndani ya mradi likapungua. Hesabu ya wataalamu haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli ya miaka yao, na kufanikiwa kwake ndiko kulikoiharibu.

Barabara ni vivyo hivyo. Ukipanga taa vizuri watu wanagundua njia ile inapitika, wanaihamia, na taa zako nzuri zinakuwa mbaya. Kwa hiyo naona swali la "mpango gani ni wa haki?" limekaa vibaya. Haki ya mpango wa taa ina tarehe ya kuisha, kama maziwa. Anayeupanga akaondoka, hata kama alikuwa mtu mwema na mkweli, anaacha nyuma yake dhuluma inayokua polepole, isiyo na mtu wa kulaumiwa.

Dar tuna jibu letu kwa hili: trafiki. Anasimama katikati, taa zinawaka zinavyotaka, yeye anaita kwa mkono. Mimi siwacheki. Trafiki anaona gari la wagonjwa, anaona msafara wa msiba, anaona watoto wa shule wamejazana ukingoni, mambo ambayo waya hautayaona kamwe. Lakini trafiki hana kumbukumbu ya kukabidhi. Akiizuia Barabara ya Morogoro dakika nane, sababu yake anaondoka nayo zamu ikiisha. Kesho mwenzake anaanza upya. Na kwa kuwa anaona mwisho wa foleni iliyo karibu naye tu, hajui ile dakika ya nane imefanya nini kilomita mbili nyuma, ambako mama amebeba mtoto mwenye homa na konda anasema "tulieni, tutafika."

Nikitaka kuwa mkweli, hata kumbukumbu yenye kila tukio la kila sekunde ina tatizo la mama chai. Hesabu ya taa inapofika kwa mtu wa miguu hubadilika tabia. Magari yanahesabiwa, watembea kwa miguu wanakadiriwa. Kwa miaka mingi mwongozo wa Marekani ulichukulia kwamba mtu anatembea takriban mita 1.2 kwa sekunde. Mwaka 2009 wakashusha hadi kama mita 1.07, kwa kuwa wazee wameongezeka. Chukueni barabara ya mita 14. Kwa mwendo wa kwanza unapewa kama sekunde 12. Bibi yangu mwenye magoti yale, na ndoo ya mboga kichwani akirudi kutoka Mbuyuni, nikimpa mita 0.8 kwa sekunde nimempendelea. Sekunde 12 zikiisha hajafika hata mita 10. Amebakiza njia nzima ya magari, na taa ya magari imeshawaka kijani. Sekunde zilizokosekana ni kama sita.

Sekunde sita si nyingi. Lakini ukizitoa kwa bibi, unazitoa kwa kila gari, kila mzunguko, siku nzima, na ndani ya magari yale kuna yule mama mwenye mtoto mwenye homa. Hapa ndipo nimekaa muda mrefu bila kupata jibu la kuniridhisha. Kanuni ya kwamba mwenye wengi apewe zaidi ina haki ndani yake. Daladala ya watu thelathini sio sawa na gari la mtu mmoja, ingawa waya unalisikia kila moja kama chuma kimoja. Ila naamini kuna kitu hakipaswi kuingia kwenye mizani hiyo kabisa. Muda wa kufika upande wa pili ukiwa hai hautoki kwenye ziada. Unatengwa kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe kwa wingi. Kusubiri kunapoza chai. Kukatwa katikati ya barabara ni jambo la aina nyingine, na kulipima kwa sekunde zile zile ni kuchanganya kilo na lita.

Na ili kumtengea, lazima kwanza ujue yupo. Fomu yangu haikuwa na safu yake. Hilo halikuwa kosa langu, nilikuwa kijana wa kuhesabu tu. Lakini mama aliniuliza kwa mdomo wake, na pembeni ya fomu kulikuwa na nafasi tupu ya maoni. Ningeweza kuandika sentensi moja: hapa watu wengi wanavuka asubuhi. Sikuandika. Nafasi ile niliijaza kwa kuchora pikipiki.

Waliosoma Kusadikika ya Shaaban Robert wanamkumbuka Karama barazani, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huko, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, wakaishia kifungoni. Shuleni tulifundishwa kwamba kisa kile kinahusu watawala wasiopenda ukweli. Sikatai. Ila siku hizi nikikisoma namwona mtu ambaye hayumo kitabuni: mjumbe wa saba, ambaye hakwenda kokote. Alikaa chini ya mti nje ya mji, akatunga safari nzuri, akarudi akasifiwa kwa mwandiko. Huyo hakufungwa. Taarifa yake ndiyo ingetunzwa, maana haikumsumbua mtu.

Wiki iliyopita, nilipokuwa naandika haya, nikampigia simu yule mwenzangu. Yuko Himo, ana duka la vifaa vya ujenzi. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, nikamwambia naandika kitu kuhusu ile Alhamisi yetu ya mvua, siku moja tuliyodanganya.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Siku moja? Kaka, na Ijumaa je? Ijumaa sisi tulikuwa Mbuyuni tunanunua viatu."

Nilibisha. Nilimwambia Ijumaa naikumbuka vizuri, jua lilitoka, nilihesabu mabasi ya kwenda Tarakea mwenyewe.

"Hiyo ilikuwa Jumanne," akasema.